Arosto Mbili, Neno Moja

Wiki sita zilizopita nilikwenda Tandika kumjulia hali shangazi yangu, nikamkuta uani ameketi mkekani, ungo magotini, anachambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanisogezea kigoda. Tulizungumza mambo ya kawaida ya nyumba ile: maji yaliyokatika tangu juzi, mpangaji aliyechelewesha kodi, mguu wangu. Kisha akatupa jicho mlangoni kuhakikisha kwamba binti yake hayupo karibu, akashusha sauti.

"Baba, zile za rangi mbili, hazikubaki hata mbili tu?"

Sikuhitaji kuuliza zipi. Zilikuwa dawa za maumivu, tramadoli za miligramu 50, nusu kijani nusu manjano, nilizompa mwenyewe mwezi Februari kwa mkono wangu na kwa maji niliyoyamimina mwenyewe, nikiamini kwamba ninamsaidia kuvuka siku mbaya baada ya kuacha Valium, vidonge vyake vya usingizi. Siku ya tatu tulimbeba kwenye bajaji hadi hospitali akiwa hajitambui.

Nilimwambia hazikubaki. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Siku zile mbili nililala," alisema.

Maneno hayo manne ndiyo yaliyonifanya niandike. Kosa langu nimekwisha kulikiri mbele ya daktari na mbele ya ukoo, na hakuna aliyebaki wa kukiriwa. Linalonisumbua ni kwamba shangazi hasemi uongo. Alilala kweli.

## Viwili vya usiku

Alianza Valium mwaka alipofiwa na mumewe, miaka kumi na moja iliyopita. Daktari wa wakati ule alimwandikia za wiki mbili, muda ambao wataalamu wengi hawataki uvukwe sana. Uingereza ilikwisha kuwashauri madaktari wake tangu 1988 kwamba dawa za jamii hii, yaani benzodiazepini, zitolewe kwa wiki mbili hadi nne na si zaidi. Wiki mbili zilipokwisha, muuzaji wa duka la dawa la mtaani alimwongezea. Kisha akamwongezea tena. Viwili vya miligramu 5 kila usiku vilikuja kuwa vitatu, na mwishowe vinne, na katika muda huo wote hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba kuna jambo. Shangazi anaswali, anapika vitumbua vya kuuza kabla ya alfajiri, anajua madeni ya kila mtu mtaani kwa kichwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu duka lilibadilisha mikono, na mhusika mpya akadai cheti. Alikuwa na haki kabisa. Ila hakumwambia, na sidhani kama alijua kwamba alipaswa kumwambia, kuwa mtu aliyekunywa dawa hiyo kwa miaka kumi na moja haachi kwa siku moja. Shangazi alirudi nyumbani amekasirika. Kwenda kupanga foleni hospitali ili aombe vidonge vya usingizi aliona ni fedheha.

"Basi naacha," alitutangazia. "Mimi si teja."

Sisi tukampongeza.

## Kalenda ya kaka

Ni lazima nieleze kwa nini mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyejiona mjuzi. Kaka yangu alivuta na baadaye akajidunga heroini kwa miaka tisa. Nilimuuguza mara tatu alipojaribu kuacha mwenyewe, kabla hajaanza kunywa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, huko Muhimbili, kwenye kliniki iliyofunguliwa mwaka 2011. Arosto yake, yaani mateso ya kuacha, niliijua kama ninavyoijua njia ya kwenda kazini. Ilianza kabla ya nusu siku kwisha tangu kete ya mwisho: miayo isiyokoma, machozi, makamasi, ngozi ya kuku, mifupa kuuma kana kwamba inapondwa kwenye kinu, kuharisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo zilizokuwa mbaya. Ya saba aliweza kuomba uji.

Nilizihesabu siku za shangazi kwa kalenda hiyo.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya tatu, ambayo niliiogopa, alilalamika usingizi tu. Siku ya tano alifua nguo. Nikampigia simu baba, nikamwambia dada yake amevuka. Sikujua kwamba diazepamu, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Valium, haitoki mwilini upesi. Nusu yake huchukua siku moja au mbili, pengine zaidi, kuondoka, na ini huivunja kuwa dawa nyingine yenye nguvu ileile ambayo hukaa muda mrefu kuliko hata yenyewe. Kwa mtu aliyeimeza kwa miaka, na ambaye umri wake umeshalichosha ini, mwili unaweza kuishi kwa akiba hiyo wiki nzima kabla ya kugundua kwamba ghala ni tupu.

Ghala lilikwisha siku ya nane.

Alianza kwa kutaka redio izimwe. Tulidhani ni huzuni, lakini alisema sauti ya mtangazaji inamchoma. Akatundika khanga dirishani kwa sababu mwanga ulimuumiza. Alisema kila chakula kina ladha ya sarafu. Usiku aliona kama kuna wadudu wanatembea chini ya ngozi ya mikono, na alijua kabisa kwamba hawapo, jambo ambalo lilimwogopesha kuliko kama angeamini wapo. Kikombe cha chai hakikuweza kufika mdomoni bila kumwagika.

Na mimi nikasema, kwa uhakika wa mtu aliyezoea: hii ni arosto.

Sikukosea hapo. Neno lilikuwa sahihi.

## Kopo la maziwa

Mwaka uliotangulia pikipiki ilinivunja muundi, na nilipotoka hospitali nilipewa tramadoli ndani ya bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa 1 x 3. Zilizobaki nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa pamoja na sindano za kushonea. Wazo langu lilikuwa jepesi, na hadi leo naona jinsi linavyovutia: kaka aliokolewa na methadoni, ambayo ni dawa jamii ya afyuni, tramadoli nayo ni ya jamii hiyo, tena hafifu, basi shangazi atumie hafifu kwa siku chache, arosto ipite, kisha aache.

Nilimpigia kaka kumweleza. Alinyamaza kwanza.

"Mwulize sista wa kliniki," alisema.

Nikamjibu kwamba arosto ni arosto.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko jambo lolote nililolisema mwaka huu. Kaka hana cheti cha udaktari, lakini miaka aliyokaa kwenye dirisha la kliniki akisubiri kikombe chake cha methadoni ilimfunza kitu ambacho mimi, niliyemuuguza, sikujifunza: kwamba kuna maswali ambayo wauguzi huuliza kila siku kabla ya kumpa mtu dozi, na mojawapo ni iwapo amemeza kidonge chochote kingine. Hakuweza kunieleza sababu, ila alijua kwamba swali hilo halikosi.

Nilimpa moja asubuhi na moja jioni. Jioni hiyohiyo kikombe kilitulia mkononi. Alikula ugali. Akalala saa saba mfululizo, na binti yake alilia kwa furaha alipomsikia akikoroma. Siku ya pili aliomba redio. Mimi nilijiona bingwa, nilijiona kama mtu aliyegundua njia ya mkato ambayo madaktari wameificha.

Siku ya tatu, muda mfupi kabla ya Magharibi, alikuwa anamimina chai. Birika lilianguka kwanza. Shingo ikakakamaa, macho yakapinduka, mwili wote ukaanza kutukutika sakafuni katikati ya chai ya moto. Jirani mmoja akasema kifafa, mwingine akasema amepandwa, wa tatu akakimbilia kijiko ili akitie kati ya meno. Kaka, aliyekuwa amekuja kumtazama, alimzuia huyo wa kijiko, akamgeuza shangazi ubavu, akamwekea khanga chini ya kichwa. Ilikwisha ndani ya dakika mbili au tatu. Sote tulidhani imekuwa nusu saa.

## Kilichotoka kwenye sindano

Degedege lilimrudia tukiwa mapokezi. Muuguzi alipata mshipa, daktari akataja dawa, na nilisikia jina lake kwa masikio yangu.

Diazepamu.

Nilitaka kupiga kelele. Dawa aliyoiacha kwa siku kumi, dawa tuliyompongeza kwa kuiacha, ndiyo waliyokuwa wanamrudishia mshipani, na ndani ya muda mfupi mwili ulilegea na pumzi ikawa ya mtu aliyelala. Wakati ule niliona ni kejeli. Leo naona kwamba sindano ile ilijibu swali ambalo sikuwa nimeliuliza: kilichokosekana mwilini mwake kilikuwa hicho, na si kingine.

Daktari, mwanamke mwenye umri wa kaka yangu hivi, aliniita pembeni baadaye. Aliuliza alikuwa anatumia nini, kiasi gani, aliacha lini. Nilijibu yote. Kisha akauliza kama tulimpa kitu chochote kumtuliza. Nilikaa kimya muda ambao haukuwa mrefu sana, lakini alitambua. Nikamwambia. Hakugomba. Alichukua fomu iliyokwisha kutumika, akaigeuza, akachora milango miwili.

Mlango wa kwanza, alieleza, ni wa kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli za ubongo. Valium haifungui mlango huo. Huwa inauongezea nguvu mkono wa GABA unaoufungua. Ubongo unaopata msaada huo kila usiku kwa miaka hujirekebisha: vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo, hulegea, na upande unaosisimua huongezwa ili mizani isimame. Ukiutoa msaada ghafla, upande wa kusisimua hubaki peke yake. Ndiyo sababu mwanga huumiza, sauti huchoma, mikono hutetemeka, na kwa baadhi ya watu hufikia degedege, kuchanganyikiwa na hata kifo. Pombe hufanya kazi kwa njia inayokaribia hiyo, na mlevi wa miaka mingi anayeacha ghafla hukabiliwa na hatari ileile.

Mlango wa pili ni wa dawa za afyuni: mofini, heroini, methadoni, tramadoli. Una vipokezi vyake. Anayeacha heroini huteseka sana, lakini mtu mzima ambaye hana ugonjwa mwingine, anayepata maji ya kutosha, ni nadra kufa kwa arosto hiyo. Methadoni humfaa kwa sababu huingia mlango uleule ambao heroini ilikuwa inaingia, tena huingia polepole na kukaa siku nzima.

"Wewe ulibisha hodi mlango wa jirani," aliniambia.

Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Tramadoli si kama ndugu zake. Ina mkono wa pili unaochezea kemikali nyingine mbili za ubongo, serotonini na noradrenalini, na inajulikana kwa kuweza kusababisha degedege yenyewe, hata kwa kiasi cha kawaida. Hatari hiyo huongezeka kwa mwenye kifafa, kwa aliyewahi kuumia kichwa, na kwa anayeacha pombe au dawa. Yaani kati ya dawa zote za mlango wa pili, nilimchagulia ile inayosukuma upande uleule ambao tayari alikuwa anaangukia.

Siku chache baadaye nilikwenda duka jingine la dawa, nikaomba kuonyeshwa boksi zima la tramadoli, nikafungua karatasi iliyokunjwa ndani. Onyo lilikuwapo, kwa maandishi madogo kama mbegu za mchicha. Bahasha yangu iliandikwa 1 x 3 tu.

Nilimwuliza daktari kama ni mimi niliyemwangusha. Alifikiri kabla ya kujibu, na bado namshukuru kwa hilo.

"Huenda angeanguka hata bila hizo zako. Huenda asingeanguka. Sitaweza kukwambia."

## Mbona basi alilala?

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki nyingi. Kama mlango ulikuwa wa jirani, kikombe kilituliaje?

Nimesoma kadiri ya uwezo wangu na kuwauliza wanaojua, na jibu ninaloweza kulieleza ni hili. Ndani ya shina la ubongo kuna kituo kidogo kinachotoa noradrenalini, ile kemikali ya hofu na kukesha. Katika arosto zote mbili kituo hicho hupaza sauti: moyo hukimbia, jasho hutoka, mtu hatulii. Dawa za afyuni hukinyamazisha. Kwa hiyo sehemu ya mateso ya shangazi ilikuwa sehemu ambayo arosto yake inashirikiana na ya kaka, na hiyo ndiyo iliyotulia. Zaidi ya hayo, dawa hizi hupunguza uchungu wowote, wa mguu au wa moyo, na mtu ambaye hajalala kwa siku nne ana uchungu mwingi wa kupunguzwa.

Nyumba ilivamiwa na mwizi, mbwa akabweka, nami nikamtupia mbwa mnofu.

Nikilitazama hivyo, siku zile mbili nzuri zinabadilika sura. Mtetemeko wa mikono ulikuwa dalili ya mwisho ambayo ingetulazimisha kwenda hospitali. Binti yake alikwisha kusema siku ya tisa kwamba ikifika asubuhi bila nafuu tunampeleka. Nafuu ilikuja usiku. Mimi ndiye niliyeileta. Hata kama tramadoli haikuchangia chochote katika degedege lenyewe, ilitunyang'anya siku mbili ambazo zingetosha kumfikisha kwa daktari akiwa anatembea kwa miguu yake.

Kuna hatari nyingine ambayo haikutupata, na ninaitaja kwa sababu ilikuwa karibu mno. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba shangazi alikuwa ameficha Valium sita ndani ya mto. Kama usiku mmoja angezikumbuka na kumeza tatu juu ya tramadoli, dawa mbili zingekutana pale ubongo unapoamuru kifua kupumua, kila moja ikidhoofisha amri hiyo kwa njia yake. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru mwezi Agosti 2016 kwamba dawa za afyuni na za jamii ya Valium ziwekewe onyo lake zito kabisa kuhusu kutumiwa pamoja. Naloksoni, inayomwamsha aliyezidiwa na heroini, haigusi Valium. Ile inayoondoa Valium, flumazenili, inaweza kumtia degedege mtu aliyezoea. Binti yake angemsikia akikoroma na angelia tena kwa furaha.

## Neno

Siku hizi neno arosto limesambaa hadi limekuwa mzaha. Kuna arosto ya sigara, ya kahawa, ya bando la intaneti. Silichukii, ni neno zuri, linabeba kwa silabi tatu kitu ambacho vitabu hukieleza kwa sentensi nzima. Lakini limezaliwa vijiweni, kwa watu wa heroini, na limebeba kalenda ya heroini ndani yake: siku tatu mbaya, siku ya saba uji, na kwamba ukivumilia hufi. Nilipolihamisha kwa shangazi nilihamisha yote hayo bila kujua. Ningekuwa sina neno, pengine ningemwita mtu mwenye nalo.

Sijifariji kwa kusema kwamba wakubwa nao walikosea, ingawa walikosea. Mwaka 1884 Sigmund Freud aliisifu kokeini kama dawa ya kumwondoa mtu kwenye mofini, na rafiki yake Ernst von Fleischl-Marxow aliyeijaribu aliishia kuwa mtumwa wa zote mbili. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Valium yenyewe, iliyoingia madukani mwaka 1963, ilipokewa kwa shangwe kwa sababu ilionekana salama kuliko barbituriti, dawa za usingizi zilizoitangulia, na kwa upande wa sumu ilikuwa kweli salama zaidi. Kila moja ilipofika, kuna mtu alilala usiku wa kwanza.

Kaka ananiambia kwamba baadhi ya wenzake wa dirishani humeza Valium mchana ili methadoni iwapande zaidi, na kuna wengine ambao hawataki kupandisha chochote: walikuwa na arosto mbili tangu mwanzo, ya unga na ya vidonge, na methadoni ilitibu moja. Hao ndio ninaowafikiria zaidi sasa. Mwanzoni nilidhani njia ni kuwafukuza kliniki mpaka waache Valium. Nimebadili mawazo. Mwezi Septemba 2017 mamlaka ileile ya Marekani iliyotoa onyo zito ilirudi kueleza kwamba mtu asinyimwe methadoni kwa sababu tu anatumia benzodiazepini, kwa kuwa kumrudisha kwenye heroini ni hatari kubwa zaidi. Atibiwe kwa uangalizi. Kinachofanyika kwa mtu wa namna hiyo ni kuiacha methadoni isimame palepale, kama mguu mmoja unaokanyaga, huku Valium ikishushwa kidogo kidogo. Methadoni haichukui nafasi ya Valium hata kwa tone.

## Wembe

Shangazi alirudishiwa diazepamu, vinne vya miligramu 5, kiasi kilekile alichokiacha. Familia iligawanyika, baba alisema tumerudi mwanzo. Baada ya wiki kadhaa za kutulia, daktari akampa mpango: robo kidonge ipungue kila wiki mbili, na akijisikia vibaya asimame hapo alipo bila kurudi juu. Mwongozo uliotolewa na vyama vya madaktari wa Marekani mwaka 2025 unapendekeza kupunguza kati ya asilimia 5 na 10 kila wiki mbili hadi nne, na roho yake haipishani sana na aliyoyafanya Profesa Heather Ashton huko Newcastle, Uingereza, alipoendesha kliniki ya watu wa aina ya shangazi kati ya 1982 na 1994: polepole, kwa diazepamu yenyewe kwa sababu inatoka mwilini taratibu, na mgonjwa ndiye anayeshika usukani.

Usingizi wake si mzuri. Hili nalisema kwa sababu watu wananiuliza wakitarajia nijibu kwamba sasa anaendelea vizuri. Anaamka saa nane usiku na kukaa uani hadi adhana. Nilipomjibu kuhusu zile za rangi mbili, nilikuwa namnyima kitu ambacho kwa usiku mmoja kingempa nafuu ya kweli, na alijua kwamba najua. Sikuwa na cha kumpa badala yake isipokuwa kukaa.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya kushuka kutoka vitatu hadi viwili na robo tatu. Kaka alikuwapo, ametoka kunywa dawa yake asubuhi. Shangazi alitandika karatasi nyeupe kwenye sinia, akavua wembe kwenye ganda lake, akakiweka kidonge kwenye ufa wake wa katikati na kubonyeza kwa kidole gumba. Kilikatika sawa. Nusu moja akaikata tena, na hapo ikapasuka vibaya, robo moja kubwa kuliko nyingine. Alizitazama kwa muda.

"Chukua kubwa, shangazi," kaka alimwambia. "Hii yako ni ndefu kuliko yangu."

Kaka alikuwa amepiga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Robo inayotolewa kwenye vinne ni kama sehemu 6 katika 100. Ikitolewa kwenye viwili, robo hiyohiyo ni zaidi ya 12. Kadiri vidonge vinavyopungua, hatua ileile inakuwa kubwa zaidi, na itabidi daktari aigawe au airefushe. Miezi minane tuliyoiandika ukutani haitatosha.

Shangazi aliichukua kubwa. Ile ndogo akaifunga kwenye karatasi ya kesho. Kisha akalowanisha ncha ya kidole ulimini, akakipitisha taratibu juu ya sinia, akaokota chenga zote nyeupe zilizobaki, na kabla hajaziweka mdomoni akatugeukia sote wawili.

"Na hizi nazo tunazihesabu?"

Kaka alisema atamwuliza sista.